Walimu wa udaktari wa familia, njooni mkutanie pale mgonjwa anapoanzia

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa TAMISEMI, wakuu wa vyuo vikuu vya afya, na nyote mnaopanga makongamano ya walimu wa udaktari wa familia.

Waheshimiwa,

Mimi ni daktari katika kituo cha afya kimoja mkoani Dodoma. Kila mwaka naletewa wanafunzi wa udaktari wakae kwangu wiki chache, waone kazi ya huku, kisha warudi chuoni. Nawapenda wanafunzi hao na nawafundisha kadiri ninavyoweza. Ninawaandikia kwa sababu nina ombi kuhusu kongamano la walimu wa udaktari wa familia, yaani ubingwa wa kumtibu mtu wa rika lolote kwa magonjwa ya kila aina, pamoja na nyumba anamotoka: lifanyikie Dodoma, siku zake nyingi zitumike katika vituo vya afya na zahanati badala ya ukumbini, na wanaofundisha huko vijijini wapewe viti vya walimu. Naomba mnivumilie nieleze ombi hili limetoka wapi.

Nilipokuwa mwanafunzi, nasi tulipelekwa kijijini. Aliyetupokea alikuwa afisa tabibu, mtu mzima, karibu na kustaafu. Siku moja aliingia mzee mmoja mwenye presha ya 190 kwa 110. Alikuwa na karatasi zake za hospitali ndani ya mfuko wa nailoni, na kwenye karatasi tatu tofauti madaktari watatu tofauti walikuwa wameandika jambo lilelile: mgonjwa hazingatii dawa. Kila mmoja aliongeza dozi. Nami, kwa elimu niliyokuwa nayo, nikapendekeza tumwongezee dawa ya tatu.

Afisa tabibu aliweka kalamu mezani. Alikuwa amekwisha kumsalimu mzee kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na mzee amekwisha kujibu. Sasa akamuuliza, "Na bibi hajambo?"

"Bibi naye presha."

"Anatumia dawa gani?"

"Hizihizi."

Ikabainika kwamba bibi alipimwa mara moja tu, siku wahudumu walipopita kijijini, akaambiwa ana presha na afike kituoni. Magoti yake hayakumruhusu kupanda bodaboda kwa umbali ule. Basi mzee alikuwa akichukua vidonge vya mwezi mmoja, wanagawana: leo anameza yeye, kesho anameza mkewe. Hakuona kosa lolote. Wamekula sahani moja miaka zaidi ya arobaini, angewezaje kumeza peke yake?

Siku ile hatukuongeza dawa yoyote. Tulitoa dozi ya watu wawili, na mhudumu wa afya wa kijiji akapewa kazi ya kupita na kipimo cha presha nyumbani kwao. Kabla hatujaondoka kijijini mzee alikuwa na 148 kwa 90. Afisa tabibu aliniambia, "Daktari, ukiona dawa haifanyi kazi, uliza kwanza inalala wapi na inaliwa na nani."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijapata somo la udaktari wa familia lililo bora kuliko lile. Lakini yule aliyenipa hakuwahi kuitwa mwalimu. Kwenye daftari letu la mafunzo alipewa mstari mmoja chini ya ukurasa aweke sahihi na mhuri. Chuo hakikumwandikia barua, hakuna aliyemuuliza anafundishaje, wala hakualikwa kwenye mkutano wowote wa walimu. Amestaafu, na yale aliyoyajua yamebaki kwa sisi wachache tuliobahatika kukaa kwenye benchi lake.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo kongamano linaweza kulirekebisha.

Historia ya fani hii yenyewe inatufundisha kuanza na walimu. Nchini Marekani, walimu wa udaktari wa familia walianzisha chama chao mwaka 1967. Udaktari wa familia ulikuja kutambuliwa rasmi kuwa ubingwa mwaka 1969. Yaani walimu walikutana kwanza, wakabishana, wakaoneshana wanavyofundisha, na cheti kikawafuata. Hadi leo hukutana kila mwaka, na baadhi yao huleta mbele ya wenzao kazi ambayo bado haijaisha ili isahihishwe. Mwaka huohuo wa 1967 sisi tulikuwa tunatangaza Azimio la Arusha, na miaka iliyofuata taifa likaelekeza nguvu kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata ulipotangaza afya ya msingi, yaani huduma ya kwanza iliyo karibu na watu, mwaka 1978, Tanzania ilikuwa na la kusimulia kuhusu vijiji vyake. Majengo tuliyajali mapema sana. Mwalimu wa kukaa ndani ya majengo hayo ndiye tuliyemchelewesha.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimefundisha madaktari bingwa wa familia jijini Dar es Salaam, na majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Moi kule Kenya walianza mwaka 2005. Hapa Dodoma tuna Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, tuna hospitali ya rufaa ya mkoa, tuna Mirembe kwa magonjwa ya akili, na tuna hospitali ya Mvumi iliyohudumia Wagogo tangu enzi za wamisionari. Wizara zenu zipo Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Mkoa una watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakiishi mbali na lami. Sijui mkoa mwingine ambako anayepanga sera, anayefundisha na anayeugua wanakaa karibu namna hii. Kutoka Mtumba hadi zahanati ya kijiji cha Chamwino au Bahi unakwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mpangaji wa mitaala aibandike ukutani. Mwaka 1961 daktari mtafiti wa Marekani, Kerr White, na wenzake walitazama takwimu za Marekani na Uingereza, wakauliza: katika watu wazima 1,000, mwezi mmoja unawapeleka wapi? Walipata kwamba 750 huugua au kuumia kwa namna fulani, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupewa rufaa kwa daktari mwingine, na mmoja tu ndiye hufika hospitali ya chuo kikuu. Za kwetu lazima zitofautiane na hizo, kwa kuwa huku wengine hupitia duka la dawa au kwa mganga wa kienyeji kwanza, na wengine hawafiki popote. Lakini swali linabaki palepale. Tunamfundisha kijana wetu miaka mitano, sehemu kubwa kando ya kitanda cha yule mmoja, halafu tunampeleka kuwahudumia wale 250, na tunashangaa akiwaandikia wote rufaa.

Simlaumu kijana. Anafanya kile alichooneshwa.

Nikiwaza daktari aliyekifanya kijiji kuwa darasa, namkumbuka Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Wales. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupima presha ya kila mgonjwa wake, hata asiyelalamika chochote, na kutokana na kazi hiyo ya kijijini alichapisha tafiti zilizosomwa na maprofesa wa mijini. Ni yeye aliyeandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya huelekea kupungua pale wanapoishi wanaoihitaji zaidi. Hakuandika hayo akiwa ukumbini. Wilaya kama Chemba, Mpwapwa na Manyoni zinaweza kutoa elimu ya namna hiyo ikiwa kuna mtu atakayewauliza wanaofanya kazi huko.

Sasa nizungumzie lugha, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana nadhani ndipo tunapopoteza wagonjwa bila kujua. Hakuna mgonjwa wangu hata mmoja anayeeleza maumivu yake kwa Kiingereza. Wanakuja na Kiswahili, na wazee wengi wanakuja na Kigogo au Kirangi. Mwanafunzi wangu amefundishwa kuhoji mgonjwa kwa Kiingereza, amefanya mtihani kwa Kiingereza, na anapoketi mbele ya mama wa kijijini anatafsiri kichwani kila neno mara mbili, kwenda na kurudi. Mama anasema, "Moyo unaniuma." Mwanafunzi anaandika maumivu ya kifua na kuomba kipimo cha moyo. Huenda ni moyo kweli. Huenda ni kiungulia. Huenda mama amefiwa na mwanawe na hakuna aliyemuuliza. Mwingine anasema ana chango, na mwanafunzi hajui aliweke wapi neno hilo kwa sababu halimo kitabuni, ingawa karibu kila bibi huku analijua na lina maana zaidi ya moja kulingana na anayesema na anayesemewa. Mzazi anasema mtoto ana degedege, naye huenda tayari amepita kwa mganga, maana kwa wengi degedege si ya hospitali. Mwanafunzi asiyelijua hilo atamgombeza mzazi kwa kuchelewa, na safari ijayo mzazi hatakuja kabisa.

Haya ni mafunzo ya msingi ya udaktari wa familia: kusikiliza, kuuliza tena, kujua neno la mtu lina nini ndani yake. Hayawezi kufundishwa kwa lugha ya kigeni pekee. Kwa hiyo naomba sehemu kubwa ya kongamano iendeshwe kwa Kiswahili. Wageni kutoka nje watafutiwe wakalimani. Na zitengwe saa za kutosha ambapo wauguzi na maafisa tabibu watatuonesha, mgonjwa akiwa ameridhia, namna wanavyomhoji mtu. Mimi mwenyewe nitakaa mbele na daftari.

Kuna jambo jingine ambalo wodi haiwezi kulifundisha. Mwaka 2016, katika mkoa wetu na kwa jirani zetu wa Manyara, watu walianza kuugua macho yakiwa ya njano, matumbo yamevimba, wakitapika. Wagonjwa 68 walirekodiwa, 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi waliyoyalima na kuyahifadhi wenyewe. Mgonjwa mmoja mwenye manjano akiletwa hospitalini unafikiria homa ya ini. Lakini baba, mama na mtoto wa nyumba moja wakiwa na manjano wiki ileile, unapaswa kuondoka kwenye kiti uende kuona wanakula nini na kihenge chao kipo katika hali gani. Daktari anayezijua kaya zake huliona hilo mapema. Vivyo hivyo kwa vikope kule Kongwa, ugonjwa wa macho uliofuatiliwa kwa miaka mingi na watafiti: matibabu yake ni dawa na upasuaji, lakini pia ni maji ya kunawa uso, na maji ni suala la nani anayachota, wapi, na yanatosha nani ndani ya nyumba. Mwalimu akilisema hili ukumbini linasikika kama nadharia. Akiwasimamisha wanafunzi uani kwa mtu mwenye ndoo moja ya maji na watoto watano, hahitaji kusema mengi.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wengi wakisikia "daktari wa familia" hudhani ni daktari wa tajiri, anayeitwa nyumbani kwa simu. Wengine wataniambia tuna upungufu wa madaktari wa upasuaji na wa watoto, huyu bingwa mwingine wa nini? Jibu langu ni kwamba vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, na mama anayehitaji kupasuliwa usiku wa manane hawezi kusubiri mabingwa watano. Anamhitaji daktari mmoja aliyefundishwa kupasua, kumhudumia mtoto akizaliwa, kumtibu baba kisukari, na kutambua lini hali imemshinda ili atoe rufaa mapema. Kambi za madaktari bingwa zinazokuja wilayani zimewasaidia watu wangu, nami nashukuru kwa dhati, nimewapeleka wagonjwa na wakapona. Lakini kambi hukaa siku chache. Presha ya yule mzee ni ya maisha yake yote.

Halafu kuna Bima ya Afya kwa Wote, sheria iliyopitishwa na Bunge hapahapa Dodoma mwaka 2023. Bima yoyote inayofungua mlango kwa kila mtu itaelemewa ikiwa kila kikohozi kitakwenda hospitali ya rufaa. Anayeshika mlango wa kwanza lazima awe mtu aliyefundishwa vizuri kuliko wote, na kwa sasa hapo ndipo tunapompeleka aliyemaliza shule juzi, peke yake.

Ninyi wa TAMISEMI na ninyi wa Wizara ya Afya, naomba mkae meza moja katika kongamano hilo, kwa sababu tatizo lipo katikati yenu. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya halmashauri. Hospitali za rufaa na usajili wa mabingwa viko upande mwingine, na vyuo viko chini ya wizara nyingine tena. Daktari wa familia husomea upande mmoja na kazi yake iko upande mwingine. Asipopangwa kwenye ikama ya halmashauri, yaani orodha ya nafasi za watumishi wake, kwa jina la ubingwa wake, atabaki mjini, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Jambo hili linahitaji wenye mamlaka ya kusaini wawepo chumbani, na liamuliwe kabla watu hawajaondoka.

Kuhusu wale wanaofundisha vijijini bila kutambuliwa, ninachoomba ni kidogo. Chuo kiwaandikie barua ya kuwateua walimu wa heshima. Wapewe siku chache kwa mwaka za kujifunza namna ya kufundisha. Kwenye daftari la mwanafunzi waandikwe kwa jina na wapewe nafasi ya kutoa alama, siyo mhuri tu. Na wakialikwa kwenye kongamano waalikwe kama wawasilishaji. Posho yao isipungue ya profesa, maana kazi ni moja.

Mtaniuliza nani atabaki na wagonjwa wakati afisa tabibu yuko kongamanoni. Ni swali la haki, na ndilo limetuzuia miaka yote. Mtu mmoja akiondoka kituoni kwangu foleni inafika getini. Ndiyo maana nasema kongamano lije kwetu. Washiriki wagawanywe, kumi huku, kumi kule, wafanye kazi asubuhi pamoja na wenyeji wao na kujadili mchana. Madaktari na walimu wao wakiwa chumbani, hakuna mgonjwa atakayekosa huduma, bali atapata zaidi. Mgonjwa aombwe ridhaa kwanza, na akikataa aheshimiwe, atibiwe kama kawaida. Siku ya mwisho wote wakutane mjini, kwenye ukumbi mtakaoona unafaa, walete walichokiona.

Nina neno dogo kuhusu wakati. Mtashawishika kuja Julai, barabara zikiwa kavu, mavuno yako ndani na watu wana nafuu. Njooni Julai, ni vizuri pia, mtaona mahindi yanavyohifadhiwa. Lakini kama mna moyo, njooni kati ya Januari na Februari. Kifuku kimeanza, makorongo yamejaa, akiba ya chakula imekwisha, na watoto wenye utapiamlo ndio wakati wao wa kuletwa. Mtachelewa njiani. Mama mjamzito naye huchelewa kwenye korongo hilohilo.

Kituo chetu kiko tayari kuwapokea. Tuna chumba cha mikutano chenye viti kumi na vinne vya plastiki, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi amekubali kutuazima madawati. Kina mama wa kijiji wamesema watapika ugali wa uwele na mlenda. Kliniki ya presha na kisukari ni kila Jumanne, na wazee huanza kufika saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu wanatoka mbali kwa miguu. Njooni Jumanne, mapema, mkae nao kwenye benchi kabla hatujaanza kuita majina.

Wenu katika kazi,

Daktari wa kituo cha afya
Mkoa wa Dodoma